Mwinuko Si Mlima: Barabara ya 80 Kutoka Cheyenne Hadi Sacramento

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye anafundisha jiografia huko Korogwe, aliniandikia kuniuliza ni jimbo gani la magharibi mwa Marekani lenye milima kuliko mengine. "Shikamoo Mwalimu," aliandika, "vitabu vinasema Colorado, lakini wewe unapita huko kila wiki, nataka nisikie kutoka kwako." Nilimjibu kwa ujumbe wa maneno mawili: ni Nevada. Alidhani ninamtania, na sikumlaumu, kwa kuwa mtu asiyeijua Nevada hufikiria jangwa, kamari na taa za Las Vegas. Kwa hiyo nimeona nimwandikie jibu kamili hapa, ili na wengine wanaofuatilia ukurasa huu walisome.

Kwa wageni, niseme tu kwamba nilifundisha jiografia ya sekondari Lushoto kwa miaka kumi na mmoja, na kwamba huu ni mwaka wangu wa sita nikiendesha lori ambalo likijaa mzigo linafika tani 36. Njia yangu ya kawaida ni barabara ya 80, inayotoka nyanda za Nebraska, ikapita Wyoming, Utah na Nevada, kisha ikavuka milima ya Sierra Nevada na kuteremka California. Mtu anayevuta tani 36 huijua milima kwa namna ambayo ramani ya ukutani haikuwahi kunifundisha, wala mimi sikuwahi kuwafundisha wanafunzi wangu.

Tuanze na vimo, kwa sababu ndipo watu wote huanzia. Nikiiacha Alaska, ambayo ni habari nyingine kabisa na ambayo mlima wake wa Denali wenye mita 6,190 unaupita hata Kilimanjaro, kilele kirefu kuliko vyote katika majimbo yaliyoungana ni Mount Whitney cha California, mita 4,421. Kinafuatiwa na Mount Elbert cha Colorado, mita 4,401, na kilele kirefu kuliko vyote cha Washington, Mount Rainier, kina mita 4,392. Kati ya Whitney na Rainier kuna tofauti ya mita 29, yaani kimo cha mnazi mrefu. Ukiwaonyesha wanafunzi tarakimu hizo tatu peke yake, wataondoka wakiamini kwamba ni milima mitatu inayofanana, ilhali sijaona milima mitatu inayotofautiana zaidi ya hiyo.

Wamarekani wameongeza utata kwa kupenda futi. Wapanda milima wa huku huheshimu sana vilele vinavyozidi futi 14,000, na Colorado ina zaidi ya hamsini vya namna hiyo, California ina dazeni hivi, Washington ina Rainier, na majimbo mengine ya magharibi, tukiitoa Alaska, hayana hata kimoja. Kwa hesabu hiyo Wyoming na Utah huonekana maskini. Lakini futi 14,000 ni mita 4,267, tarakimu isiyo na maana yoyote kwa mlima wenyewe. Kama Wamarekani wangetumia mita kama sisi, mpaka wangeuweka kwenye 4,000, na mara moja Gannett Peak wa Wyoming (4,209), Kings Peak wa Utah (4,123), Wheeler Peak wa New Mexico (4,011) na Boundary Peak wa Nevada (4,007) wangeingia ukumbini na kuketi pamoja na wakubwa. Sifa nyingi ya Colorado inatokana na milima, sikatai, lakini kiasi fulani kinatokana na rula iliyotumika.

Jambo la pili ni pale mlima unapoanzia. Colorado ndilo jimbo lenye wastani mkubwa wa mwinuko kuliko yote ya Marekani, takriban mita 2,070 juu ya usawa wa bahari, na mahali pake pa chini kabisa, kwenye mto Arikaree karibu na mpaka wa Kansas, pako mita 1,010, chini kidogo tu ya Dodoma. Mji wa Leadville, ulio karibu na Mount Elbert, uko zaidi ya mita 3,090. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama Leadville akiutazama mlima wa pili kwa urefu katika majimbo haya, ukiiacha Alaska, anatazama kitu kinachomzidi kwa mita 1,300 tu. Elbert ni kama mtoto aliyebebwa mabegani mwa baba yake: kichwa chake kiko juu sana, lakini kimo si chake chote. Whitney, kwa upande wake, ukiutazama ukiwa katika mji mdogo wa Lone Pine, unapanda karibu mita 3,300 mbele ya macho yako. Na Rainier huonekana kutoka ufukweni, pale Tacoma, pakiwa hapana kitu kati yako na kilele isipokuwa misitu na hewa. Ni mlima wa pekee huku ulionikumbusha Kilimanjaro inavyoonekana kutoka Moshi asubuhi mawingu yakifunguka, ijapokuwa Kilimanjaro, unaopanda kama mita 5,000 kutoka tambarare zake, hauna mwenzake katika majimbo haya.

Sasa tuingie barabarani. Anayetoka mashariki hutarajia kwamba Milima ya Rocky itamsimamia mbele kama ukuta, na akipita Denver, mji mkuu wa Colorado, ndivyo inavyokuwa. Lakini katika barabara ya 80, magharibi ya Cheyenne, mji wa Wyoming, ukuta huo haupo. Kuna mteremko mpana wa mchanga na changarawe zilizoshuka milimani zamani na kubaki bila kumomonyoka, nao unapanda taratibu kutoka nyandani hadi juu ya safu yenyewe kama ubao wa kupandia jahazi. Wataalamu wa reli ya kwanza ya kuvuka bara waliutumia ubao huo, na ndiyo sababu reli iliyokamilika tarehe 10 Mei 1869 huko Promontory, Utah, ilipita Wyoming na kuiacha Denver pembeni. Kilele cha barabara, Sherman Summit, kiko mita 2,633, na ndiyo sehemu ya juu kuliko zote katika barabara ya 80 kutoka pwani hadi pwani, lakini dereva asiyesoma kibao hatajua kwamba amefika. Kinachomjulisha ni mifuko ya krispi iliyofura kama puto pembeni mwa kiti, kwa kuwa ilifungwa kiwandani mahali penye hewa nzito zaidi.

Baada ya hapo Wyoming inakuwa uwanda wa juu, mkavu, wenye upepo unaoweza kuangusha tela tupu, na kila majira ya baridi barabara kati ya Laramie na Rawlins hufungwa mara nyingi kwa sababu ya upepo na theluji. Magharibi ya Rawlins utakutana na kibao kinachosema kwamba unavuka mgawanyo wa maji wa bara, yaani mstari unaotenga mito iendayo Atlantiki na iendayo Pasifiki. Kisha, baada ya mwendo mrefu, utakutana na kibao kingine kinachosema jambo lile lile. Vibao havijakosewa. Mgawanyo huo hapo unajipasua kuwa mistari miwili na kulizunguka bonde kubwa ambalo mvua yake haiendi bahari yoyote. Hunyesha, ikasimama, ikakauka. Milima ya kweli ya Wyoming haiko hapo. Iko kaskazini: safu ya Wind River, na Grand Teton, inayochomoka zaidi ya mita 2,000 kutoka bonde la Jackson Hole bila kilima hata kimoja cha kuitangulia. Mtu anaweza kuivuka Wyoming kutoka mwisho hadi mwisho kwa lori akasema haina milima, naye hatakuwa amedanganya.

Colorado nimeipitia mara chache, kupitia barabara ya 70, na huko dereva hahitaji kibao. Handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, liko zaidi ya mita 3,400, na ukitoka upande wa magharibi unateremka kuelekea Silverthorne kwa asilimia 7, ukipishana na zile njia za kokoto zilizojengwa kupanda mlimani kwa ajili ya malori yaliyoishiwa breki. Wanaobeba mizigo ya hatari, kama petroli, hukatazwa kupita handakini na hulazimika kupanda Loveland Pass, mita 3,655. Aliyezoea Kitonga ataelewa ninachosema, ila aongeze barafu barabarani na hewa isiyotosha mapafu.

Utah inaanza kwa kukupotosha. Ukiikaribia kutoka Wyoming, kushoto kwako unaona safu ya Uinta, nayo imelala mashariki kwa magharibi, kinyume na karibu safu zote kubwa za huku, ambazo hufuata kaskazini kwa kusini. Kings Peak uko humo. Kisha barabara inaingia katika safu ya Wasatch, na kutoka takriban mita 2,150 inaporomoka kupitia korongo la Parleys hadi Salt Lake City, mita 1,288. Hapo ndipo, katika majira yangu ya kwanza ya baridi, nilipojua kwamba mwalimu wa jiografia anaweza kuwa mjinga wa mteremko. Nilikuwa nimevuka Sherman Summit asubuhi yake bila taabu, nikajiambia kwamba kama mita 2,633 hazikunitisha, mita 2,150 zitanitisha vipi? Niliteremka nikiwa katika gia ya juu, nikaanza kukanyaga breki, nikaendelea kukanyaga, na nilipotazama kioo niliona moshi mweupe ukitoka kwenye magurudumu ya tela. Nilifanikiwa kusimama pembeni. Nilikaa pale karibu saa nzima, breki zikinuka kama mkaa uliomwagiwa maji, nikiyatazama malori ya wazee yakinipita polepole katika gia za chini, yakinguruma kwa breki za injini.

Kisha Nevada. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndiko ninakotaka kukaa.

Mimi ni mtoto wa Usambara. Anayesafiri kutoka Segera kwenda Moshi huwa na milima mkono wake wa kulia njia nzima: Usambara inapanda wima kutoka Mombo, inakatika, bonde la Mkomazi linapita, kisha Upare inaanza, inakatika tena, na chini yake daima kuna tambarare kavu ya mikonge na miiba. Ni milima iliyoinuliwa kwa nyufa, ganda la dunia likipasuka, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Siku ya kwanza nilipovuka mpaka wa Utah na Nevada pale Wendover, nikaona safu moja ndefu ikipita, bonde tambarare, safu nyingine, bonde jingine, nilicheka peke yangu garini. Ilikuwa Same na Mombo, imerudiwa mara mia tatu.

Na si kutia chumvi. Nevada ina zaidi ya safu 300 zenye majina, karibu zote zikielekea kaskazini kwa kusini. Clarence Dutton, mwanajiolojia wa karne ya 19, alizifananisha na jeshi la viwavi wanaotambaa, na kila anayezitazama kutoka kwenye ndege huona viwavi hao hao. Sababu ni kwamba eneo zima, kutoka Wasatch hadi Sierra Nevada, limekuwa likivutwa mashariki na magharibi kwa muda unaokaribia miaka milioni 20, hata upana wake katika sehemu nyingi umekaribia kuwa maradufu. Bonde letu la Ufa ni zao la kuvutwa kwa namna hiyo hiyo, isipokuwa kwetu mpasuko umejikusanya katika matawi machache makubwa, na hapa umetapakaa katika mamia ya nyufa. Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 28 Oktoba 1983, huko Idaho, katika pembe ya kaskazini ya eneo hili, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipita chini ya Borah Peak, mlima mrefu kuliko yote ya jimbo hilo, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30, bonde likishuka na mlima ukipanda, tofauti ikifikia mita 2.7 katika sehemu fulani. Milima yetu ya Usambara ni mizee iliyokwisha kustaafu, lakini ya huku bado inakua.

Hata mito ya Nevada ina tabia tunayoijua. Mto Humboldt, ambao barabara ya 80 inaufuata kwa mamia ya kilomita, hauendi baharini. Unaishia katika bwawa la chumvi na kufa, kama mito inavyoishia Rukwa na Eyasi. Kwa kuufuata mto huo, barabara yangu inakwepa safu nyingi na kupanda chache tu, mojawapo ikiwa Pequop, mita 2,124. Anayetaka kuzihesabu kweli apite barabara ya 50, ambapo kazi ni kupanda, kushuka, kunyooka, kisha kupanda tena, na miji katikati ni michache mno. Kila safu ni kisiwa. Juu kuna baridi, misonobari na chemchemi, chini kuna chumvi, na viumbe wengi wa safu moja hawawezi kuhamia nyingine, jambo ambalo Msambaa aliyewahi kusikia habari za ua la Usambara halimshangazi. Chini ya Wheeler Peak wa Nevada (jina moja na ule wa New Mexico, lakini mlima mwingine) iko misonobari yenye umri mkubwa kuliko dini nyingi. Mwaka 1964 mtafiti mmoja aliruhusiwa kuukata mmoja, na baada ya kuukata ndipo zilipohesabiwa pete zaidi ya 4,800.

Nikiri udhaifu wa hoja yangu. Kilele kirefu kuliko vyote cha Nevada, Boundary Peak, ni bega tu la mlima ambao kilele chake halisi kiko California, ng'ambo kidogo ya mpaka. Ni kama nyumba inayojivunia mwembe wa jirani. Lakini swali halikuwa jimbo gani lina mlima mrefu zaidi, lilikuwa lipi lina milima zaidi. Sehemu mbili za tano za Colorado, upande wa mashariki, ni nyanda za ngano na ng'ombe. Montana, ambayo jina lake lenyewe ni neno la Kihispania la mlima, ina nyanda zaidi ya nusu, ingawa kwenye Triple Divide Peak maji ya mvua moja hugawanyika kwenda Pasifiki, Atlantiki na ghuba ya Hudson. Nevada huwezi kusimama popote ukakosa mlima machoni.

Karibu na Reno kuna kituo cha malori ambapo hukutana na mwenzangu mmoja wa Goma, anayeendesha zaidi njia za kaskazini. Hoja yangu ya Nevada haimwingii. Kwake yeye mlima usio na moto si mlima, na hoja yake ni safu ya Cascade, inayopita Washington na Oregon. "Mwalimu," huniambia, "wewe unahesabu makaburi, mimi nahesabu walio hai." Ana haki ya kusema, maana aliona lava ya Nyiragongo ikiingia mjini kwao mwaka 2002. Mimi humjibu kwamba moto wa Cascade si wa Nyiragongo. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutiririka kama maji. Magma ya Cascade ni nzito, huziba, kisha hulipuka. Mount St. Helens ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, uliua watu 57 na kupoteza kichwa chake, kutoka mita 2,950 hadi 2,549. Mount Mazama wa Oregon, ambao ulilipuka miaka 7,700 iliyopita, ulibomokea ndani na kuacha ziwa lenye kina cha mita 594. Kuhusu Rainier, kinachoogopewa zaidi ni tope, kwa kuwa umevaa barafu nyingi kuliko mlima wowote wa majimbo haya, na miaka 5,600 iliyopita mporomoko wake wa tope ulifika hadi kwenye maji ya Puget Sound.

Katika jambo moja namkubalia moja kwa moja. Barabara ya 90 inavuka Cascade kwenye mwinuko wa mita 920 tu, chini ya Dodoma, chini hata ya mahali pa chini kabisa pa Colorado, na bado analifunga lori minyororo mara nyingi kuliko mimi. Mawingu ya Pasifiki hufika pale yakiwa yamejaa na kumwaga yote. Katika majira ya 1998 na 1999, kwenye Mount Baker ilianguka theluji ya karibu mita 29. Miti huko hukoma kwenye mita 1,800 au 2,000, wakati Colorado inapanda hadi kama 3,500. Kwa hiyo mlima wa mita 2,700 wa Washington unaweza kuwa na barafu, majabali na hatari kuliko wa mita 4,300 wa Colorado ambao watu huupanda na mbwa wao siku ya Jumamosi.

Kutoka Reno kazi yangu ni ya mwisho, na ni nzito. Sierra Nevada ni bamba moja la mawe ya itale, urefu wa kilomita 640, lililoinuliwa ubavu wa mashariki na kulala ubavu wa magharibi kama mlango wa kisima uliofunguliwa. Upande ninaopandia ni mfupi na mkali. Juu, kwenye Donner, ndipo wahamiaji walipokwama katika theluji majira ya baridi ya 1846 na 1847 na karibu nusu yao wakafa, na ndipo wafanyakazi wa Kichina walipotoboa itale kwa ajili ya reli, handaki la mita 506 lililopenya mwaka 1867. Ni safu hii pia inayokamua mawingu na kuifanya Nevada kuwa jimbo kavu kuliko yote nchini.

Kileleni, mita 2,206, kila mara hunywa maji, nikafunga chupa tupu na kuiweka mahali pake. Kisha nashuka katika gia ya chini, kwa kuwa Parleys haijanitoka. Upande wa magharibi hauna ukali, una urefu: kama kilomita 145, kutoka theluji hadi misonobari, kutoka misonobari hadi mialoni na majani makavu, hadi bustani za matunda na Sacramento, ambayo iko mita chache tu juu ya bahari. Kabla sijafika kwenye mizani, chupa huanza kulia yenyewe, tak, tak, ikibonyea. Nikiegesha, ubavu wake huwa umeingia ndani kana kwamba mtu ameikanyaga.